Kamati ya maji ya kijiji imekwama kwa mara ya tatu: kasoro iko kwa watu, kwenye mfumo, au kisimani?

Swali: limeulizwa na Katibu wa Kamati

Ndugu zangu, mimi ni katibu wa kamati ya maji katika kijiji ambacho sitakitaja, kwa kuwa sitaki mjadala huu ugeuke kuwa kesi ya watu fulani. Mradi wetu ulikamilika miaka 7 iliyopita kwa msaada wa wafadhili. Tuna kisima kirefu kimoja, pampu ya kuzamishwa inayotumia umeme wa jua, tenki juu ya mnara na vituo 6 vya kuchotea maji. Siku ya makabidhiano tulipewa funguo, tukapewa mafunzo ya siku 3, tukachaguana wajumbe 9, na kila mmoja akarudi nyumbani akiamini kwamba shida ya maji imekwisha.

Miaka 4 ya mwanzo ilikwenda vizuri kiasi. Kisha mota ya pampu ikaungua, na ndipo tulipogundua kwamba fedha zilizokuwa benki hazifikii hata nusu ya gharama ya mota mpya. Tulichangishana, miezi 3 ikapita watu wakichota maji mtoni, na mota mpya ikafungwa. Sasa mota hiyo nayo imeungua. Mweka hazina amejiuzulu baada ya kutuhumiwa hadharani mkutanoni, ingawa hakuna aliyethibitisha kwamba alichukua chochote, wala hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba hakuchukua, maana daftari la mapato lina kurasa kadhaa ambazo hazikujazwa.

Kijiji kimegawanyika. Wapo wanaotaka kamati ivunjwe na ichaguliwe nyingine, wapo wanaosema mradi ukabidhiwe mfanyabiashara ambaye ameshaonyesha nia ya kuuendesha, na wapo wanaosema serikali iuchukue kabisa. Mimi nimeshuhudia kamati 2 zikivunjwa na hii ya 3 ikirithi matatizo yale yale, kwa hiyo sina imani kwamba kubadilisha majina kutaleta maji. Naomba wenye uzoefu wanisaidie kujua ni kitu gani hasa katika usimamizi kinachoufanya mradi wa maji wa kijijini udumu baada ya wafadhili kuondoka, na tuanzie wapi ilhali mkutano mkuu wa kijiji uko karibu na watu wana hasira.

Jibu la 1: Mhandisi Mstaafu

Ndugu Katibu, poleni kwa yaliyowapata. Kabla sijagusa suala la uongozi naomba nianze na jambo ambalo naona katika maelezo yako limepitwa haraka. Mota ya pampu ya kuzamishwa hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwake. Maji yakishuka mpaka pampu ikaanza kuvuta hewa, mota hupata joto kali na kuungua, hasa pale ambapo hakuna kifaa cha kuizima yenyewe kisima kinapokaukiwa. Mota moja kuungua baada ya miaka 4 ni jambo linaloweza kumpata yeyote. Ya pili ikiungua baada ya muda mfupi zaidi, mimi huacha kuwauliza watu na kukiuliza kisima. Je, yupo aliyewahi kupima kina cha maji tangu siku ya makabidhiano? Mnayo taarifa ya uchimbaji, ile inayoonyesha kisima kilitoa lita ngapi kwa saa kilipojaribiwa na maji yalishuka kiasi gani wakati wa majaribio? Kama hamnayo, aliyekichimba anapaswa kuwa nayo, na nakala ilitakiwa kubaki katika ofisi ya serikali inayosimamia rasilimali za maji.

Nasema hivi kwa sababu inawezekana kabisa kwamba mweka hazina wenu anabebeshwa lawama ya jambo lililotokea mita makumi kadhaa chini ya ardhi. Simtetei kuhusu daftari, hilo ni kosa. Lakini hata kama angekuwa malaika, mota ya tatu itaungua vilevile ikiwa itarudishwa kwenye kina kilekile bila kinga na bila vipimo.

Sasa nije kwenye fedha. Katika miradi mingi niliyopitia, bei ya ndoo ilipangwa kwa kuangalia matumizi ya mwezi tu, yaani posho ya mlinzi, ya mchotaji anayewauzia watu maji kituoni, na matengenezo madogo kama koki na viungio vya mabomba. Gharama ya vitu vikubwa vinavyochakaa polepole haikuingizwa, kwa sababu siku ya kupanga bei vilikuwa vipya vinang'aa. Hesabu yenyewe haihitaji mhandisi. Chukua bei ya leo ya mota na pampu, igawanye kwa idadi ya miaka unayotarajia vidumu, kisha fanya hivyo hivyo kwa inverta, yaani kifaa kinachobadilisha umeme wa paneli ili uendeshe mota, ambayo kwa kawaida hufa mapema kuliko paneli za jua, na kwa mabomba, na kwa tenki. Jumlisha, halafu gawanya kwa lita mnazouza kwa mwaka, si lita mnazopampu. Mkazo uko kwenye neno hilo la kuuza, kwa kuwa maji yanayovuja njiani au kuchotwa bila malipo hugharimu sawasawa na yale yaliyolipiwa.

Ili kuijua tofauti hiyo mnahitaji mita moja kwenye mdomo wa kisima na mita moja kwenye kila kituo. Ukinilazimisha nitaje kifaa kimoja tu cha kununua kabla ya kingine chochote, nitataja mita, hata kabla ya mota.

Mkishapata jumla, huenda mkakuta kwamba wanakijiji hawawezi kuilipa yote kwa bei ya ndoo. Hiyo si aibu, bali ni taarifa. Kijiji kinachojua kwamba kinaweza kubeba gharama za kila siku na sehemu tu ya gharama za kubadilisha mitambo kinaweza kwenda kwenye halmashauri na kuomba kiasi kinachopungua kikiwa na karatasi mkononi. Kijiji kisichojua hungoja mota iungue, kisha kikaomba huruma.

Jibu la 2: Mkaguzi wa Hesabu za Vyama

Mhandisi amegusa yaliyo chini ya ardhi, mimi nitabaki na yaliyo mezani. Nimekagua hesabu za vyama vya ushirika na vya watumia maji, na naomba Katibu asichukulie suala la kurasa tupu kuwa dogo kwa sababu tu chanzo cha kuungua kwa mota kinaweza kuwa kingine. Watu huacha kulipa wanaposhuku, na huanza kushuku pale wanapokosa habari. Wizi hauhitajiki ili mradi ufilisike, kwani uvumi unatosha.

Ukiniuliza ni nini kingemlinda mweka hazina wenu, nitakujibu kwamba ni utaratibu ambao haumlazimishi mtu yeyote kuaminiwa peke yake. Anayekusanya fedha kituoni asiwe ndiye anayeziandika katika daftari kuu, anayeandika asiwe ndiye anayeidhinisha matumizi, na benki ihitaji saini zaidi ya moja, ambazo wenye kuzimiliki si ndugu wa nyumba moja. Mita alizozitaja Mhandisi zina faida ya pili hapa. Usomaji wa mita ya kituo ukizidishwa kwa bei unakupa fedha ambazo zilipaswa kuwapo, na kwa hiyo upungufu unaonekana ndani ya wiki moja, ukiwa bado mdogo kiasi cha kuelezeka. Niliwahi kukagua chama ambacho mchotaji alikuwa akiwapa maji bure wazee wasio na uwezo kwa nia njema kabisa, lakini kwa sababu hakuandika popote, aliondolewa kwa aibu kama mwizi. Kama kijiji kinataka kaya fukara zipate maji bila malipo, na mimi naamini kinapaswa kutaka hivyo, basi uamuzi huo ufanywe na mkutano, majina yaandikwe, na gharama yake iingizwe katika bei au ilipwe na mfuko mwingine. Huruma isiyoandikwa humgeukia yule aliyeifanya.

Taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe kila mwezi pale watu wanapochotea maji. Ubao wa ofisi ya kijiji hautoshi, kwa kuwa wanaosimama kwenye foleni ya maji si wale wanaopita ofisini. Hili linanipeleka kwa wanawake. Kanuni nyingi hudai nusu ya wajumbe wawe wanawake, na nusu hiyo hupatikana kwa urahisi. Kisha mikutano huitishwa saa ambazo wanawake hao hao wako njiani na ndoo, na saini za benki hubaki kwa wanaume. Kama mnataka sauti yao kwa dhati, angalieni nani ana daftari, nani ana saini, na mkutano unaanza saa ngapi.

Nyongeza moja kuhusu adhabu. Elinor Ostrom, Mmarekani aliyekuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zilizofanikiwa kutunza mali ya pamoja kwa vizazi vingi, zikiwamo za wakulima wanaogawana maji ya mifereji huko Uhispania. Aligundua, pamoja na mambo mengine, kwamba katika jamii hizo wanaoguswa na kanuni hushiriki kuzitunga, wasimamizi huwajibika kwa watumiaji wenyewe, adhabu huanza ndogo na kupanda kadiri kosa linavyorudiwa, na migogoro huwa na mahali pa kusuluhishwa kwa haraka na kwa gharama ndogo. Mpaka leo wakulima wa Valencia wana baraza lao la maji linalokutana kila Alhamisi mlangoni mwa kanisa kuu la mji, ambapo mashauri huendeshwa kwa mdomo na hukumu hutolewa papo hapo. Linganisheni na kijiji chenu, ambapo mahali pekee pa kumuuliza mweka hazina palikuwa ni mkutano mkuu, mbele ya umma wote, baada ya maji kukatika. Hapo hapawezi kuwa mahali pa kuulizia. Ni mahali pa kuhukumia.

Jibu la 3: Mchambuzi wa Sera

Nawaheshimu waliotangulia, na yote waliyosema yatafaa. Hata hivyo naona kwamba majibu yote mawili yanaongeza mzigo juu ya mabega yaleyale. Wajumbe 9 wanaojitolea waliopewa mafunzo ya siku 3 sasa wanatakiwa wasome mita, wakokotoe uchakavu wa inverta, wapime kina cha kisima, waandike hesabu zinazokaguliwa, na kusuluhisha migogoro. Hakuna mtu anayewataka wakazi wa mjini waunde kamati ya mtaa ili kubadilisha mota ya mamlaka ya maji.

Wazo kwamba kijiji kitajisimamia lina historia yake, na si wazo baya. Katika muongo wa kimataifa wa maji ya kunywa na usafi wa mazingira, kuanzia mwaka 1981 hadi 1990, ilionekana wazi kwamba idara za serikali haziwezi kutuma gari kila pampu inapoharibika. Zikatengenezwa pampu za mkono kama Afridev, ambayo fundi wa kijijini anaweza kuifungua kwa zana chache, na kutokana na ukweli huo mdogo, kwamba mwanakijiji anaweza kubadilisha mipira ya pampu, likajengwa dai kubwa kwamba mwanakijiji anaweza kubeba kila kitu milele. Matokeo yake yanajulikana. Mwaka 2009 mtandao wa kimataifa wa wataalamu wa maji vijijini, RWSN, ulikadiria kwamba takriban theluthi moja ya pampu za mkono katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa hazifanyi kazi. Mifumo ya jua na mabomba kama wenu ni migumu zaidi kuitunza kuliko pampu ya mkono.

Kwa hiyo jibu langu kwa Katibu ni kwamba kasoro kubwa haiko ndani ya kamati. Iko juu yake, mahali ambapo hapana mtu. Kamati inahitaji mkono wa kitaalamu ambao kuja kwake si fadhila. Katika jimbo la Ceará nchini Brazili, tangu mwaka 1996, jumuiya za vijijini zimeungana katika mashirikisho yanayoitwa SISAR. Kila kijiji huendesha mradi wake kwa shughuli za kila siku kupitia mtu wake anayelipwa, ilhali shirikisho hushughulikia matengenezo makubwa, ubora wa maji na utoaji wa ankara. Nchini Kenya, katika kaunti za Kitui na Kwale, huduma ya FundiFix hufanya matengenezo kwa mkataba, vijiji vikilipa ada ya kawaida badala ya kusubiri kuharibikiwa. Katika majaribio yaliyofanyika Kyuso, Kitui, wakati pampu za mkono zilipofungwa vifaa vya kutuma taarifa kwa mtandao wa simu, muda wa wastani wa pampu kukaa mbovu ulishuka kutoka siku 27 hivi hadi chini ya siku 3. Linganisha na miezi yenu 3.

Sheria nazo zimeanza kulikiri hili. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2019, iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, na kuviweka vyombo vya watumia maji vya ngazi ya jamii chini ya usimamizi na msaada wake wa kitaalamu. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti jukumu la huduma za maji. Maandishi peke yake hayafungi mota, lakini yanakupa mlango wa kugonga. Kijiji chochote, popote kilipo, kianze kwa kuuliza maswali mawili kwa barua: mitambo hii kisheria ni mali ya nani, na ni ofisi ipi inayowajibika inapoharibika kitu kilicho nje ya uwezo wa kijiji? Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua maji safi kuwa haki ya binadamu tarehe 28 Julai 2010. Haki hiyo haina maana kwamba maji ni bure. Ina maana kwamba serikali haiwezi kukabidhi funguo kisha ikaaga.

Maelezo ya nyongeza: Katibu wa Kamati

Nawashukuru nyote. Nimekwenda kuangalia, na naona haya kusema kwamba hatuna taarifa ya uchimbaji, hatujawahi kupima kina cha maji, na hatuna mita hata moja. Fundi aliyefunga mota ya pili anakumbuka kwamba maji yalikuwa chini kuliko alivyotarajia, ila hakuandika. Pia kuna jambo ambalo sikulitaja mwanzoni kwa kudhani halihusiani: miaka 2 iliyopita, upande wa juu wa kijiji, lilianzishwa shamba la umwagiliaji lenye visima virefu 2. Wazee wanasema visima vya kienyeji vya upande huo vimeanza kukauka mapema kila kiangazi.

Mfanyabiashara niliyemtaja anataka mkataba wa miaka 10, apange bei mwenyewe, na anaahidi kufunga mota mpya mara moja. Watu wana kiu, na ahadi hiyo ina nguvu kuliko maneno yangu yote.

Jibu la 4: Mpima Visima

Ndugu Katibu, umeandika sentensi kuhusu shamba kana kwamba ni pembezoni, lakini kwangu mimi hiyo ndiyo habari yenyewe. Ila tahadhari kwanza. Kisima cha jirani si lazima kiwe ndicho kilichoshusha maji yenu. Inawezekana mvua za miaka hii zimekuwa haba, inawezekana chujio la kisima chenu limeziba kwa kutu au mchanga, na inawezekana idadi ya watu na mifugo imeongezeka mkawa mnapampu saa nyingi kuliko kisima kinavyoweza kujijaza. Dalili zote hizo hufanana ukizitazama bombani, na hutofautiana ukizipima kisimani. Kwa mfano, kama maji yakiwa yametulia asubuhi kabla ya kupampu yako kwenye kina kilekile cha zamani, lakini yanashuka sana mkianza kupampu, kuna uwezekano mkubwa kwamba kisima chenyewe kimechoka na kinahitaji kusafishwa. Kama kina cha asubuhi nacho kinazidi kwenda chini mwaka hadi mwaka, basi tatizo ni la mwamba wote unaohifadhi maji, na hapo ndipo jirani, mvua na misitu ya juu vinapoingia kwenye hesabu.

Kipimo chenyewe ni utepe wenye alama za mita na kihisi kinacholia kinapogusa maji. Kinaweza kumilikiwa na vijiji kadhaa kwa pamoja. Mtu mmoja, siku moja ya kila wiki, saa ileile ya alfajiri kabla pampu haijaanza, ashushe utepe na aandike namba. Ni kazi ya dakika chache. Inashindikana mara nyingi kwa sababu moja tu: haijaandikwa popote kwamba ni kazi ya nani. Muulize fundi wenu kama kuna tundu kwenye kifuniko cha kisima la kupitishia utepe. Kama halipo, litobolewe sasa wakati pampu iko nje, kwa sababu nafasi kama hii haiji mara mbili.

Kuhusu shamba, msiende na mapanga wala na minong'ono. Katika nchi nyingi uchimbaji wa kisima kirefu na uchukuaji wa maji mengi huhitaji kibali, na kibali hutaja kiasi kinachoruhusiwa. Andikeni kwa mamlaka ya bonde, yaani ofisi ya serikali inayosimamia rasilimali za maji za eneo lenu, kuuliza kama visima vile vina vibali, ni vya kiasi gani, na kama kijiji kiliulizwa kabla havijatolewa. Ulizeni pia kama kisima chenu wenyewe kina kibali. Msishangae mkikuta hakina, maana wafadhili wengi huwa na haraka, na mtumiaji asiye na kibali ni vigumu kumshtaki jirani asiye na kibali. Kanuni za nchi nyingi hutoa kipaumbele kwa maji ya kunywa na ya matumizi ya nyumbani kuliko ya biashara, lakini kipaumbele hicho humsaidia yule tu ambaye jina lake liko kwenye daftari la bonde.

Tena, mkiwa mnarudisha huduma, pimeni ubora. Maji yanayotoka kina tofauti na cha zamani yanaweza kuwa na chumvi au madini tofauti. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kwamba bakteria wa kinyesi aina ya E. koli wasionekane kabisa katika mililita 100 za maji. Floridi haina harufu wala rangi, huoni kitu mpaka meno ya watoto yaanze kubadilika.

Jibu la 5: Mhandisi Mstaafu, kwa mara ya pili

Nakubaliana na Mpima Visima kwa yote. Nataka kusema machache kuhusu mkataba wa miaka 10, kwa kuwa nahofia mkutano utaupitisha kwa kiu.

Sipingi mwendeshaji binafsi. Nimeona wafanyabiashara wakiendesha mradi vizuri kuliko kamati, kwa sababu mapato yao hukoma maji yanapokoma. Ninachopinga ni mtu mmoja kuwa mwendeshaji, mpanga bei na msimamizi wa mwenendo wake mwenyewe. Anayeendesha asiwe anayepanga bei, na anayepanga bei awe na mahali pa kukatiwa rufaa. Mkataba wa kwanza uwe mfupi, miaka 2 au 3, wenye uwezekano wa kuongezwa. Utaje maji yasikatike zaidi ya siku ngapi kabla hajatozwa faini, useme wazi ni nani anayebadilisha mota ikiungua ndani ya udhamini na nani baada ya hapo, na uweke sehemu ya kila ndoo inayouzwa katika akaunti ya akiba ambayo yeye hana saini nayo. Mitambo ibaki mali ya umma. Vilevile kaya fukara zitajwe ndani ya mkataba, si kuachiwa hisani yake.

Jambo la mwisho ni la kiufundi ila lina uzito wa kisheria: asiruhusiwe kufunga mota kabla kisima hakijapimwa na kabla ya kufungwa kinga ya kukaukiwa. Mota yake ikiungua baada ya mwaka mmoja atasema kisima ni kibovu, nanyi mtasema mota ni mbovu, na hakuna atakayekuwa na namba.

Hapa natofautiana kidogo na Mchambuzi wa Sera. Ni kweli kwamba mamlaka ya juu inawajibika, na barua iandikwe leo. Lakini barua huchukua muda kujibiwa, na kijiji chenye vipimo vya miezi 6 hujibiwa tofauti na kijiji chenye malalamiko ya miaka 6.

Jibu la 6: Mchambuzi wa Sera

Hatutofautiani, ila ningependa nakala ya vipimo hivyo ipelekwe kwa ofisi ya maji ya wilaya kila mwezi, ipokelewe kwa mhuri, hata kama hakuna anayeisoma. Siku mtakapouliza mbona hamkusaidiwa, mihuri hiyo itakuwa shahidi. Jitahidini pia kuvishawishi vijiji jirani vyenye miradi kama wenu, kwa kuwa fundi mwenye ujuzi wa mifumo ya jua hawezi kuishi kwa kazi ya kijiji kimoja, lakini vijiji 10 au 15 vinaweza kumwajiri yeye na mhasibu mmoja.

Majibu ya Katibu wa Kamati

Nimezungumza na mwenyekiti wa kijiji. Mkutano mkuu utaanza na hesabu, kisha fundi ataeleza kuhusu mota, na suala la kumchagua mweka hazina litakuja baada ya hapo. Mfanyabiashara amekubali kusubiri kisima kipimwe, ingawa amekataa akaunti ya akiba asiyokuwa na saini nayo, na kuhusu hilo tutaendelea kubishana naye. Tumepata utepe wa kuazima kutoka kijiji cha pili. Jana alfajiri tulishusha mara ya kwanza kupitia mdomo wa kisima, kwa kuwa pampu imetolewa, na namba imeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya. Aliyeiandika ni mweka hazina aliyejiuzulu. Alijitolea mwenyewe, na wajumbe wawili walisimama kando yake wakatia saini.

Naomba Mpima Visima anijulishe: kwa kuwa hatuna namba ya zamani ya kulinganisha, je, tunaweza kutumia kina ambacho pampu ya kwanza ilifungwa, ambacho fundi anakumbuka, kama makadirio ya kuanzia?

Jibu la 7: Mpima Visima

Kinasaidia kidogo tu. Pampu hufungwa chini ya kina ambacho maji yanatarajiwa kushukia wakati wa kupampu, kwa hiyo kina cha pampu ya kwanza kinakuonyesha mpaka wapi mchimbaji alitarajia maji yasifike. Kama maji yaliyotulia ya jana alfajiri yako karibu na kina hicho au chini yake, basi hamna haja ya kusubiri miezi 6 ili kujua kwamba maji yameshuka. Nitumie namba zote mbili, pamoja na kipenyo cha kisima, na msifunge chochote kabla sijakujibu.